Kurasa Zilizokatwa kwa Wembe

Jumatatu, Juni 2

Nimefika Ilongero na vumbi mpaka kwenye meno. Mama amebaki Mandewa na mdogo wangu anayeumwa. Mimi nimetumwa huku kwa baba mdogo Gervas nisaidie kupura alizeti na nisome. Baba mdogo ndiye anayenisomesha tangu baba afariki, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Kazi ya likizo ni riwaya moja. Madam Jesca, mwalimu wetu wa fasihi, alituonya tusisome notisi za kwenye simu, tusome kitabu chenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza. Tukifungua Kidato cha Sita mwezi wa saba, kila mmoja aje na jibu: anguko la Ritha, yule msichana wa riwaya, ni kosa la nani? Nakala ni chache. Mimi nimepewa ya kwangu peke yangu kwa kuwa nasimamia kabati la vitabu.

Nalala chumba kimoja na dada yangu Klara, binti wa baba mdogo. Tumelingana umri. Alikuwa Kidato cha Tatu alipopata mimba, akaacha shule. Mtoto anaitwa Derick. Chumba kinanuka maziwa yaliyochacha na nepi zilizoloana. Klara amekonda, hasemi, anatembea na kanga ile ile asubuhi mpaka jioni. Nilimwangalia nikasema moyoni, hivi ndivyo mtu anavyojimaliza.

Jumanne, Juni 3

Upepo. Tumepura alizeti kutwa nzima. Sijafungua kitabu.

Alhamisi, Juni 5

Leo amekuja Mwalimu Christopher, mkuu wa shule mstaafu wa shule aliyosoma Klara. Kijiji kizima humwita Mwalimu tu, kama vile hakuna mwingine. Baba mdogo alimwambia kwamba nimekuja na riwaya ya shule, naye akasema atakuwa anapita jioni anifafanulie. Baba mdogo alifurahi kama mtoto.

Mama mdogo Martha alichinja jogoo. Klara alimnawisha Mwalimu mikono kwa maji ya moto, amepiga goti, macho chini. Mwalimu akapewa firigisi. Kisha, kabla hajanawa tena, akaomba kitabu. Analamba kidole ndipo afungue ukurasa. Anakilamba kidole chote, taratibu, kama mtu anayemalizia mchuzi, halafu anakigandamiza kwenye karatasi. Kurasa za mwanzo sasa zina madoa ya mafuta ya kuku. Nilikaa pale nikiitikia "ndiyo, Mwalimu".

Alisema, "Fasihi ni kioo, Rahel. Msichana asiyejitazama kwenye kioo huanguka." Baba mdogo akatikisa kichwa kwa heshima.

Baada ya kula walitoka kuangalia maksai wawili wekundu wa baba mdogo, wanyama wazuri kweli, wanono. Mwalimu aliwapiga piga shingoni kama wake.

Jumamosi, Juni 7

Idd. Jirani yetu Sikudhani ametuletea pilau. Hii ndiyo siku pekee tangu nifike niliyokula bila kinyaa.

Jumatatu, Juni 9

Leo nimerudi kutoka uwanja wa kupuria kuchukua maji nikamkuta Klara amekaa mlangoni kwa nyuma, Derick amelala mapajani, na kitabu changu mkononi. Nilitaka kugomba. Kitabu cha shule, na mikono yake imetoka kwenye nepi.

Nikaona alivyokishika. Alikuwa amenawa. Amekitandikia kanga safi, anafungua ukurasa kwa pembe, kwa vidole viwili.

"Umefika wapi?" nikamuuliza.

"Sura ya kumi na mbili. Wewe?"

Nilikuwa sura ya nne. Sikumwambia.

"Ulianza lini?"

"Tangu ulipofika. Ukiwa umelala mchana." Akafunga kitabu. "Samahani, nilitakiwa kuomba."

Nikamwambia asome tu. Akaniuliza kama ni kweli siku hizi aliyezaa anaruhusiwa kurudi shule. Nikamwambia ni kweli, wapo hata kwetu. Alisema aliwahi kumuuliza baba yake, naye akamjibu kwamba hataki kulisikia jambo hilo tena ndani ya nyumba yake.

Nimeikumbuka ile harufu ya chumba niliyoiandika Jumatatu iliyopita. Ni harufu ya mtoto. Hakuna anayemsaidia kufua.

Jumanne, Juni 10

Nimefua nepi. Mikono imepasuka kwa baridi.

Alhamisi, Juni 12

Nimefika sura ya kumi na mbili, na leo Mwalimu amekuja kuifafanua.

Sura yenyewe inaeleza kikao cha wazazi. Mkuu wa shule yuko mezani, anawaambia wazazi kwamba Ritha amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, wasichana wengine wajifunze. Mzazi mmoja mwanamke anasimama anauliza, huyo aliyempa mimba ni nani? Ritha yuko nyuma ya ukumbi. Anatembea mpaka mbele na kumwonyesha mkuu wa shule kwa kidole. Nimeisoma mara mbili.

Mwalimu alisukutua chai mdomoni, akameza, akasema, "Andika. Kosa ni la Ritha mwenyewe. Mwandishi anatuonyesha tamaa. Alipenda zawadi, alipenda sifa, akajipeleka. Mwanamume ni mwanamume, Rahel. Anayetakiwa kujilinda ni nani?"

"Msichana," akajibu baba mdogo. Hakuna aliyemuuliza.

Klara alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa. Akasema polepole, "Lakini hakujipeleka. Aliitwa akachukue vitabu ofisini. Imeandikwa. Ukurasa wa mwanzo wa sura hiyo hiyo."

Nilidhani baba mdogo atampiga. Alimwambia kwa Kinyaturu atoke. Mwalimu alicheka, ila kikombe kilimwinamia mkononi, chai ikamwagikia suruali. Hakusikia moto. Alikuwa anamwangalia Klara akitoka.

Alipokuwa anaondoka Mwalimu aliomba kitabu. "Nikipitie nyumbani, nije na maelezo yaliyokamilika." Sikutaka kutoa. Baba mdogo alinyoosha mkono, akakichukua kwangu, akampa.

Ijumaa, Juni 13

Vumbi tupu. Klara hali chakula.

Jumatatu, Juni 16

Mwalimu amemtuma mtu alete kitabu. Nimekifungua nikaona kinaruka kutoka mwisho wa sura ya kumi na moja mpaka mwanzo wa kumi na tatu. Sura nzima haipo. Ukipitisha kidole pale katikati unakutana na vishina vya karatasi, vimenyooka sawasawa, vikali. Wembe.

Nilimfuata baba mdogo zizini nikamwonyesha. Aliangalia, akatazama pembeni. "Panya," akasema.

"Baba mdogo, panya hakati kwa mstari."

"Nimesema panya. Na wewe kitabu hicho usikitoe toe ovyo."

Nina miaka kumi na tisa, na mtu mzima aliyenilea ananiangalia usoni ananiambia panya. Kuhusu karatasi nitamweleza Madam Jesca. Kisichonitoka akilini ni namna alivyotazama pembeni kabla hajasema.

Jumanne, Juni 17

Klara ameniambia.

Tulikuwa tunapepeta, yeye anamwaga, mimi nakinga, upepo unapeleka maganda upande wa barabara. Nilimwambia tu kwamba sura ya kumi na mbili imekatwa. Aliendelea kumwaga mpaka ungo ukawa mtupu. Kisha akasema, "Mimi pia niliitwa ofisini nikachukue vitabu."

Sitaandika aliyoyasema yote. Ni yake. Nitaandika haya: Derick ni mtoto wa Mwalimu Christopher. Klara alimwambia baba yake siku ile ile alipogundua ana mimba. Baba yake alimwambia angojee. Alikwenda kwa Mwalimu, akarudi amenyamaza, na wiki hiyo wale maksai wawili wekundu wakaletwa nyumbani. Mama mdogo aliambiwa wamenunuliwa kwa mkopo wa ushirika. Kisha ikatungwa habari ya dereva wa lori la vitunguu aliyepita akapotea. Klara akaambiwa akitaja jina lingine, mama yake atafukuzwa naye.

"Mama mdogo hajui?" nikauliza.

"Hajui. Alilia mwaka mzima kwa ajili ya dereva wa vitunguu."

Nilimwambia twende tukamwambie sasa hivi. Akasema, "Nani ataniamini mimi? Na wewe nani atakusomesha?" Nilichukua ungo nikaendelea kukinga. Hilo nalo limenitia kinyaa.

Jioni Mwalimu alipita njiani, akatupungia mkono. Nikamwamkia shikamoo. Ilitoka yenyewe.

Alhamisi, Juni 19

Leo hajaja kufafanua. Afadhali. Baba mdogo anasema Jumamosi atawaita majirani waliotusaidia kupura, waje kula, tuombe, na mimi niwasomee kidogo, "waone mtoto wa ukoo huu anavyokwenda Kidato cha Sita." Mwalimu atakuwa mgeni rasmi.

Ijumaa, Juni 20

Nimemuuliza Klara kama anaikumbuka ile sura. Akasema, "Yote."

Jumamosi, Juni 21

Nataka iandikwe leo kabla watu hawajaanza kuigeuza.

Walikuja mchana. Sikudhani, Marko wa dukani na mke wake, mzee Simeoni na wanawe, na wengine. Walikaa uani kwenye mikeka na viti. Mwalimu alipewa kiti chenye mto. Ugali wa uwele, kuku, mlenda. Klara alizunguka na maji ya kunawa, Derick mgongoni. Alipofika kwa Mwalimu, yule mtu alinyoosha mikono bila kumwangalia, huku anaendelea kuongea na mzee Simeoni kuhusu bei za alizeti. Mtoto wake mwenyewe alikuwa mgongoni pale, angeweza kumgusa.

Watu walipokuwa katikati ya kula, baba mdogo akasimama. Alisema maneno mengi kuhusu elimu. Akaniita nisome.

Nilikuwa nimeamua nitasoma sura ya kwanza, niketi, nirudi shule. Kweli nilikuwa nimeamua hivyo. Lakini Mwalimu akalamba kidole kimoja, akasema, "Asome sehemu yenye mafundisho. Ile ya msichana anavyoanguka."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Sehemu hiyo haipo, Mwalimu. Imekatwa kwa wembe. Kitabu kilikuwa kwako."

Baba mdogo akasema haraka, "Panya hao, panya." Mwalimu naye akaitikia, "Panya wa mwaka huu wamezidi."

Hapo Klara akaweka jagi chini. "Mimi niliisoma kabla ya panya," akasema. "Naweza kuisimulia."

"Klara, nenda jikoni," akasema baba mdogo.

Mama mdogo Martha alikuwa anapakua. Akasema bila hata kugeuka, "Mwache asimulie. Mwanangu hajaongea mbele za watu siku nyingi."

Klara alisimama pale pale, mikono nyuma ikimshikilia mtoto. Hakupandisha sauti. Alisimulia kikao cha wazazi, ukumbi ulivyokuwa, mkuu wa shule alivyovaa, alivyosema kuhusu nidhamu. Alisimulia vizuri kuliko ilivyoandikwa. Hata watoto waliacha kutafuna. Akafika kwa yule mama aliyesimama kuuliza ni nani. Hapo akamkaza mtoto mgongoni.

"Akamtaja nani?" akauliza mama mdogo, upawa mkononi.

"Akamwonyesha mwalimu wake, mama. Aliyekuwa amekaa mbele."

"Ehe."

"Mama, hakujawahi kuwa na dereva wa vitunguu."

Mama mdogo aligeuka. Alimwangalia Klara, akamwangalia mtoto mgongoni, akamwangalia mumewe. Kwa mumewe ndipo alipokaa muda mrefu zaidi. Nadhani alimsoma usoni yote kabla hajahitaji kumtazama Mwalimu.

"Gervas," akasema, "wale maksai tulikopa wapi?"

"Martha, wageni wanakula."

Mwalimu akajifuta mdomo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. "Mnaona sasa? Hadithi hizi zinaharibu watoto. Binti mdogo anasoma upuuzi, anaufanya wake. Ndiyo maana kurasa zile nilizitoa."

Alisema mwenyewe. Kila mtu alisikia. Dakika chache tu zilizopita walikuwa panya. Nilisubiri mtu mmoja kati ya wale watu wazima waliojaa uani aseme neno. Mzee Simeoni aliangalia miguu yake. Mke wa Marko akamfunika mtoto wake masikio, amechelewa. Na Marko, Mungu ananisikia, Marko akaomba chumvi.

Mama mdogo alikwenda akasimama mbele ya Mwalimu, akachukua sahani iliyokuwa mapajani pake, na ile firigisi aliyoiacha mwisho ili aifaidi, akamwaga yote kwa mbwa. "Ondoka kwangu," akasema.

Akaondoka. Kwa utaratibu, fimbo mkononi, huku anaaga watu. Na watu wakamjibu.

Jumapili, Juni 22

Kanisani wanawake wamenong'ona. Hawasemi Mwalimu alifanya nini. Wanasema Klara ameharibu shughuli, na kwamba angesubiri watu wamalize kula. Mke wa Marko alikuja jioni kuuliza kama kuku aliyebaki atatupwa. Nimemwangalia mdomo wake ukisema maneno hayo, nikaingia ndani.

Sikudhani peke yake ndiye aliyekuja kumwona Klara. Alimletea sabuni na kukaa naye. Hakuuliza chochote.

Jumatatu, Juni 23

Asubuhi baba mdogo alikuwa bado kitandani mama mdogo alipofungua zizi. Alinipa fimbo. Tukawaswaga maksai wawili barabarani, mchana kweupe, tukapita sokoni, tukapita dukani kwa Marko, mpaka kwa Mwalimu. Watu walitoka milangoni. Mama mdogo hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Tukawafunga langoni. Mke wa Mwalimu alichungulia dirishani akarudisha pazia. Namwonea huruma, na sijui kama anastahili.

Baba mdogo alitukuta tunarudi. "Mwaka huu tutalima na nini?" akauliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake.

"Kwa mikono," akasema mama mdogo. "Unayo miwili. Ilikuwa inafanya nini?"

Kisha akampandisha Klara na mtoto kwenye bodaboda, yeye akapanda nyingine, wakaenda mjini kituo cha polisi, dawati la jinsia. Mimi nilibaki. Nimepika, nimempelekea baba mdogo chakula. Amekila chote.

Jumanne, Juni 24

Wamerudi. Askari mwanamke aliandika maelezo bila kumkatiza Klara. Baba mdogo naye ameitwa.

Alhamisi, Juni 26

Baba mdogo amenikalisha. Hakugomba. Heri angegomba. Aliongea kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Kwamba alifikiria jina la ukoo. Kwamba Mwalimu ni mtu mkubwa, kesi ingeshindwa, na binti angebaki na aibu bila chochote. "Nilitafuta angalau kitu," akasema.

"Ulipata maksai, baba mdogo."

"Usinihukumu. Nani amekulipia mpaka hapo ulipo?"

"Ni wewe. Nashukuru."

Na ni kweli nashukuru, hapo ndipo pananiuma. Viatu nilivyovaa alininunulia yeye. Alizeti za kunisomesha zililimwa na ng'ombe wale. Nimejaribu kutafuta kitu kimoja ninachomiliki kisichopita kwenye shingo zao, nikaacha.

Jumamosi, Juni 28

Mwalimu amekamatwa. Wengine wanasema maskini, mzee wa watu.

Alhamisi, Julai 3

Mama mdogo amehamia Sepuka na Klara na mtoto, kwa dada yake Dorkas. Mkuu wa shule ya kule amekubali kumpokea Klara aanze tena Kidato cha Tatu. Watu wa elimu wameelekezwa hivyo, hakuhitaji kubembelezwa. Mama mkubwa Dorkas atamlea Derick mchana.

Nyumba sasa ina watu wawili. Baba mdogo anatembea uani, anaokota kitu, anakiweka pale pale. Usiku uliopita nilimsikia analia. Nilingoja nione kama nitamhurumia. Huruma ilikuja kidogo, ikapita.

Mama amepiga simu kutoka Mandewa. Nilimweleza yote. Kisha akasema nirudi shule, kuku anao wa kuuza kwa ada, mengine tutajua mbele, na hatapokea tena kitu kutoka kwa Gervas.

Jumatatu, Julai 14

Nipo shule. Leo tumesoma majibu yetu darasani. Chrispin alisoma la kwanza, amelinakili kutoka kwenye simu neno kwa neno: Ritha aliponzwa na tamaa. Wa pili vile vile. Wa tatu. Niliwaangalia wanavyosoma, watu ninaokula nao meza moja, wakitamka maneno ya Mwalimu Christopher bila kumjua.

Ilipofika zamu yangu niliinua kitabu nikawaonyesha pengo. Nikawaambia nani alikata na kwa nini. Jina la Klara sikulitaja. Madam Jesca aliniacha nimalize, akafunga dirisha kwa sababu ya upepo, akawaambia wote waanze upya, na safari hii wakae na kitabu.

Chrispin amenifuata nje. Amesema, "Lakini Rahel, si na yeye alikubali kwenda ofisini?" Nilimwangalia tu mpaka akaona haya, au akajifanya kuona.

Jumapili, Julai 27

Nimeruhusiwa kutumia simu ya matroni. Klara amesema kesi imetajwa, ikaahirishwa. Mwalimu yuko nje kwa dhamana, na Ilongero sokoni bado wanampisha apite kwanza. Darasani Sepuka wasichana wadogo wanamwita mama Derick kumcheka. Hesabu zimemshinda. Kiswahili amekuwa wa kwanza.

Akaniuliza tunasoma nini sasa. Nikamwambia tumepewa riwaya nyingine.

"Ina msichana ndani?"

"Yumo."

"Wanamfanya nini?"

"Sijafika mbali."

Nilisikia mtoto akilia kwa nyuma, na mama mdogo akimbembeleza kwa Kinyaturu.

"Ukifika usiniambie," akasema Klara. "Niletee. Nitasoma mwenyewe."